Mbona mota yako inaruka ukiiambia iende mos mos? Msee wa 360, soma hii kabla ya harusi ya Jumamosi

Umeiona kwa harusi, kwa ruracio na hata kwa bathdei za watoi. Ile stendi ya 360: mnapanda watu watatu juu, mkono wenye simu unaanza kuwazunguka, mnapiga miondoko, na dakika chache baadaye video iko kwa status ya kila mtu. Ni hustle poa. Lakini kuna zingine ukiziangalia unaskia kizunguzungu. Mkono unaenda, unasita, unaruka, unasita tena, hadi bibi harusi anakaa ni kama yuko ndani ya matatu kwa barabara ya mawe. Hapo ndio mwenye sherehe huanza kuleta story kuhusu ile balansi ya doh.

Wasee wengi hulaumu simu. Simu haina makosa. Ukirekodi slomo ya fremu 120 kwa sekunde halafu uichezeshe kwa 30, kila kitu kinarefuka mara 4, pamoja na kila mruko wa mota. Simu imeanika tu kile kilikuwa hapo.

Shida ni mota. Mota nyingi za stima zimeundwa kukimbia, na kuifanya ikimbie ni rahisi: unganisha waya mbili, imeondoka. Kuiambia itembee pole, bila kuruka, ikiwa imebeba mzigo, hiyo ndio kazi. Na si ya 360 pekee. Ni shida hiyo hiyo kwa inkubeta ya kugeuza mayai, kwa stendi ya kupigia viatu picha za kuuza mtandaoni, kwa boda ya stima ikianza kupanda mlima, na kwa deki ya DJ. Hiyo ya DJ tutaifikia, kwa sababu ndiyo ilitatuliwa vizuri kuliko zote.

Ukipunguza volti, unapunguza nini haswa?

Wazo la kwanza la kila mtu huwa hili: mota ni ya volti 12, inakimbia sana, basi niipe volti 1 au 2. Inaonekana ni akili. Jaribu uone. Itakaa kimya, itanguruma kidogo, halafu ghafla itaruka na kukimbia kuliko ulivyotaka. Ukirudisha chini kiasi, inazima.

Sababu ni hii. Mota ya DC ikizunguka huwa pia inafanya kazi ya jenereta. Inajitengenezea volti yake yenyewe inayosukuma kinyume na betri, na volti hiyo inapanda vile kasi inapanda. Tofauti inayobaki kati ya betri na hii volti ya kinyume ndiyo inasukuma ampea kwa koili, na ampea ndizo zinaleta nguvu ya kuzungusha.

Shika kalamu tufanye hesabu kidogo, haiumi. Tuseme mota yako ikiwa haina mzigo inafika mizunguko 3000 kwa dakika kwa volti 12, na koili yake ina ukinzani wa omu 1. Maana yake kila volti 1 ni kama mizunguko 250. Wewe unataka mkono wa 360 uzunguke mara 15 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kwa sekunde 4. Ukiifunga moja kwa moja kwa mota hiyo, volti ya kinyume itakuwa 0.06 pekee. Na kama msuguano wa beringi na uzito wa mkono unahitaji ampea 1, koili peke yake inakula volti 1. Jumla unaipa volti 1.06.

Sasa msuguano uongezeke asilimia 10 tu. Labda kuna mahali beringi ni kavu, labda sakafu ya hema haiko sawa. Mota inataka ampea 1.1, koili inakula volti 1.1, na wewe umeipa 1.06. Imesimama! Msuguano ukipungua asilimia hizo hizo, volti inayobaki kwa kasi inatoka 0.06 hadi 0.16, na mkono unajaribu kwenda zaidi ya mara mbili ya spidi uliyotaka. Ndio ile kusita na kuruka umekuwa ukiona. Mabadiliko hayo hayo yakipata mota ikikimbia kwa volti 12 kamili yanagusa kasi kwa chini ya asilimia 1, hata huwezi jua.

Kuna vitu vingine viwili vinaongezea hiyo ngori. Kwanza, kitu kilichosimama hung'ang'ania kuliko kinachotembea. Umewahi sukuma gari limezima? Ile ya kwanza ndiyo inatoa jasho, likishaanza kusonga ni rahisi. Mota nayo ni hivyo, kwa hivyo volti ya kuiamsha huwa nyingi kuliko ya kuiendesha. Pili, sumaku za ndani hupenda kukaa mkabala na meno ya chuma yaliyobeba koili. Zungusha shafti kwa vidole bila stima uone: utaskia tik, tik, tik. Mota ikikimbia, kasi yake inavuka hizo tik bila kuzitambua. Ikitembea pole, inaanguka kwa kila moja kama gurudumu kwa shimo.

Na tafadhali achana na ule ushauri wa kuweka rezista ama balbu kwa laini ndio mota ipunguze spidi. Umeongeza ukinzani, kwa hivyo mzigo ukibadilika kidogo spidi inabadilika zaidi. Umenunua shida yako ukubwa wa juu.

Anza na gia, mengine baadaye

Kama uko na nafasi ya kufanya kitu kimoja tu, weka gia. Acha mota ikimbie vile inapenda, halafu gia zipunguze. Mota ya mizunguko 3000 ukiipitisha kwa gia za 200 kwa 1 inakupa 15, na nguvu ya kuzungusha inapanda karibu mara 200, ukitoa ile inaliwa na msuguano wa meno. Mzigo unaofika kwa mota nao unagawanywa hivyo hivyo, kwa hivyo sherehe ya huko nje haimsumbui.

Mtaani, mota ya waipa ya gari ndiyo rafiki wa fundi. Iko kibao kwa spea za Kirinyaga Road, ni ya volti 12, ina gia ya mnyoo tayari ndani, na nyingi hutoa mizunguko kama 45 kwa dakika kwa spidi ya chini. Chukua sproketi mbili za baiskeli, ya meno 16 kwa mota na ya meno 48 kwa mkono, funga cheni, na 45 imekuwa 15. Hujagusa elektroniki hata kidogo.

Angalia mambo mawili ukiwa kwa duka. Waipa nyingi hupitisha negativu kwa bodi yake, kwa hivyo ukiifunga kwa fremu ya chuma, fremu yote imekuwa negativu. Usije ukaangusha waya wa positivu hapo. Halafu shika mkono wa gia uutingishe. Ule mchezo unaoskia kati ya meno utakuwa kwa video yako. Cheni ikilegea, ni hivyo hivyo. Ndio maana watu wengine hupenda mkanda wa mpira wenye meno: ni kimya, na unameza mitetemo midogo.

Mimi waipa ya kwanza niliichoma. Nilikuwa nimeinunua ikiwa imetumika, nikaifunga kwa stendi ya mbao, na bodi ya mbao ikavimba na mvua ikaanza kukwaruza mkono. Badala ya kutafuta kinachokwaruza, nilikuwa naongeza tu kisongo cha spidi. Ilinuka kwanza, halafu moshi. Gia ya ndani ya zile nyingi ni ya plastiki, na yangu ilikuwa imelainika kama keki.

Kisongo cha PWM

Ukienda Luthuli Avenue ukiuliza kitu cha kupunguza spidi ya mota ya DC, watakupa kibodi kidogo chenye kisongo kinaitwa PWM. Kinachofanya ni kuwasha na kuzima volti 12 zote mara nyingi sana kwa sekunde. Ikiwashwa robo ya muda, mota inaskia wastani wa volti 3. Hakichomi nguvu kama rezista, kwa hivyo hata betri inadumu.

Lakini usidanganyike kwamba kimetatua ile hesabu ya juu. Wastani ni wastani. Mota bila gia kwa PWM ya chini bado itasita na kuruka. Kuna kautundu kamoja tu: PWM ya mapigo machache, kama 100 kwa sekunde, huitetemesha mota kidogo na kuisaidia kuachana na ule ung'ang'anizi wa kuanza. Gharama yake ni kelele, mota inaimba. Ukipandisha mapigo juu ya 20,000 kwa sekunde, sikio la mtu haliskii tena, lakini ule msaada umepotea. Kwa harusi chagua kimya. Kwa inkubeta, kuku hawajali.

Ukijiundia bodi yako, usisahau dayodi ya kurudisha stima ya koili kila transista inapozima. Bila hiyo, transista inakufa mapema na hutajua mbona.

Deki ya DJ ilifanyaje?

Santuri ya LP inazunguka mara 33⅓ kwa dakika. Mzunguko mmoja ni sekunde 1.8. Ikiyumba kidogo tu, sikio linajua, kwa sababu noti inapanda na kushuka kama mtu amelewa. Kwa miaka mingi watengenezaji walikimbia hiyo shida kwa kuweka mota kando, ikimbie, halafu mkanda wa mpira uzungushe sahani nzito. Kwa msee anasikiliza nyumbani, ilikuwa fiti. Kwa DJ ilikuwa balaa: ukishika santuri kwa mkono mkanda unateleza, na ukiachilia sahani inachukua muda kupata spidi yake.

Injinia Mjapani, Shuichi Obata wa Matsushita, ile kampuni tunaita Panasonic leo, aliondoa mkanda kabisa. Mota ikawa chini ya sahani, ikizunguka kwa 33⅓ yenyewe, bila gia, bila mpira. Deki ya SP-10 ikatoka 1970, SL-1200 ikafuata 1972, na mwaka wa 1979 ikaja SL-1200MK2, ile ambayo karibu kila klabu duniani ilikuja kuwa nayo. Wakati huo vijana wa Bronx kama Grandmaster Flash, ambaye alikuwa amesomea mambo ya elektroniki shuleni, walikuwa wanazirudisha santuri nyuma kwa mkono, na walihitaji sahani isiyozima.

Siri ya MK2 haikuwa tu mota kali. Deki inajisoma. Sahani ikizunguka inatoa mapigo, na saketi inayalinganisha na mapigo ya kipande cha kwatsi, kitu kile kile kinashikilia saa ya mkononi. Sahani ikichelewa, inasukumwa. Ikitangulia, inavutwa. Matokeo: kutoka kusimama hadi 33⅓ kwa sekunde 0.7, na kuyumba kwa asilimia 0.025. Zile nukta za pembeni ya sahani ni macho yako wewe kwa hiyo kazi: safu moja inaonekana imesimama kwa spidi kamili, zingine kwa +3.3, +6 na −3.3. Hiyo +6 ni karibu nusu toni ya muziki, ndio maana wimbo ukisukumwa hapo mwimbaji anaanza kukaa mtoto.

Uzalishaji ulisimamishwa 2010, deki ikarudi 2016, na mota mpya ilikuwa ya koili bila chuma ndani. Unakumbuka zile tik za sumaku? Hakuna chuma, hakuna tik.

Sasa iwekee mota yako macho

Wewe pia unaweza fanya hivyo na kontrola ndogo kama Arduino pamoja na enkoda, ile sensa ya kuhesabu mizunguko. Programu inauliza kila mara: naenda kasi gani, na nilitakiwa kwenda gani? Halafu inarekebisha PWM.

Mahali utaweka enkoda ndipo wengi huanguka. Tuseme kisahani chake kina nafasi 20. Ukikifunga kwa mkono wa 360 unaozunguka mara 15 kwa dakika, unapata mapigo 5 kwa sekunde. Kati ya pigo moja na lingine mkono umesonga digrii 18 na kontrola haijui chochote, ni kipofu. Itachelewa kurekebisha, halafu irekebishe kupita kiasi, na utapata mruko mbaya kuliko wa kwanza. Kifunge kisahani hicho hicho kwa shafti ya mota kabla ya gia za 200 kwa 1, na unapata mapigo 1000 kwa sekunde. Kwa hivyo kama una uwezo, nunua mota ya gia iliyokuja na enkoda nyuma yake.

Programu yenyewe ina sehemu mbili za maana. Moja inaangalia kosa la sasa hivi: umechelewa sana, ongeza sana, umechelewa kidogo, ongeza kidogo. Nyingine inajumlisha makosa ya muda wote, ndio kama mkono umebaki nyuma kidogo tu kwa sekunde kadhaa, msukumo uendelee kupanda hadi upone. Ya pili ni muhimu lakini ni hatari. Mgeni akishika mkono kwa mchezo, jumla inajaa, na akiachilia mkono unafyatuka. Iwekee kikomo kwa programu. Si hiari.

Kuna njia ya maskini bila enkoda: kontrola inapima ampea na kuongeza volti ile inaliwa na koili. Inasaidia, lakini koili ikipata moto ukinzani wake unabadilika. Shaba ikipanda nyuzi 50, ukinzani umeongezeka karibu asilimia 20. Ukirekebisha ukiwa asubuhi, saa kumi jioni hesabu imehama. Mimi ningelipa enkoda.

Na stepa je?

Stepa mota inatembea kwa hatua, kwa kawaida 200 kwa mzunguko. Kwa spidi ya chini ndio nyumbani kwake, na haihitaji enkoda kujua iko wapi. Kwa stendi ya kupiga picha viatu au vipodozi, chukua hii na uache kusumbuka. Kwa dereva wake gawanya kila hatua mara 16, ziwe 3200, la sivyo utaona kila hatua kwa video. Kasoro zake: inakula stima hata ikisimama, na mzigo ukizidi inaruka hatua bila kumwambia mtu. Kwa mkono mrefu wenye simu mwisho, tumia gia pia.

Feni ya nyumba usiilete hapa. Mota yake ya AC inafuata Hertz 50 za stima, na ukipunguza volti pekee inateleza na kunguruma tu. Kuipunguza vizuri kunataka mashine inayoshusha Hertz na volti pamoja, na hata hizo karibu na sifuri huchoka zisipokuwa na sensa.

Boda ya stima nayo ina sensa 3 za sumaku ndani ya mota za kuiambia kontrola shafti iko wapi. Ile ambayo haina inategemea volti ya kinyume, na tumeona kwamba kwa spidi ndogo volti hiyo ni kama haipo. Kwa hivyo kama boda yako inatetemeka ikianza lakini ikishashika mwendo iko sawa, kabla fundi akuuzie mota mpya mwambie apime kwanza sensa hizo na waya zake.

Kabla uipeleke kwa sherehe

Mota ikienda pole, feni iliyo kwa shafti yake nayo inaenda pole, kwa hivyo haijipozi. Weka fyuzi inayolingana na ampea za mzigo wako, na swichi nyekundu ya kuzima mahali mkono wako unafika bila kuinama. Gia ya mnyoo haisukumwi nyuma, maana yake mtoto akibanwa hutaweza kuurudisha mkono kwa nguvu. Mkanda unaoteleza mzigo ukizidi ni bora hapo kuliko cheni.

Halafu pima ukiwa nyumbani. Funga simu ya uzito ule ule utatumia, weka alama kwa sakafu, hesabu mizunguko 10 na saa. Inatakiwa iwe sekunde 40. Rudia watu wakiwa wamesimama juu, rudia tena ukiweka kipande cha mbao chini ya mguu mmoja wa stendi, kwa sababu uwanja wa harusi hauko sawa. Ikiachwa dakika 30 ikizunguka, gusa bodi ya mota. Kama huwezi kuacha kiganja hapo sekunde 5, rudi kwa gia.